Sura ya Mzee Kwenye Theluji

Familia nyingi za Afrika Mashariki zina albamu yenye picha ya theluji. Ndani yake mzee ni kijana mwembamba aliyevaa koti refu, amesimama mbele ya bweni la Moscow, Leipzig, Prague au Chicago. Wapo waliopanda ndege za kwenda Marekani zilizofanikishwa na juhudi za Tom Mboya, ile ya kwanza ya Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81 wa Kenya. Wapo waliosoma chuo kikuu kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la Patrice Lumumba. Na baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar ilipeleka vijana Ujerumani Mashariki, nchi ambayo wanafunzi wake wa kigeni mara nyingi walianzia Herder-Institut ya Leipzig ili wajifunze Kijerumani kwanza.

Picha hizo sasa zinaletwa kwetu sisi tunaofanya kazi ya kuzirejesha. Ombi la watoto wa mzee ni lilelile: zifanye ziwe kama mpya. Jibu langu ni kwamba kazi hii haitengenezi picha mpya. Inatafuta kilichobaki ndani ya picha ya zamani na kukileta mahali kinapoonekana. Ukishika hilo, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Tuanze na wekundu wa picha hizo. Picha ya rangi ya miaka ya 1960 na 1970 imejengwa kwa tabaka tatu za rangi ndani ya gelatini: njano, nyekundu ya zambarau iitwayo majenta, na buluu ya kijani iitwayo sayani. Rangi hizi ni kemikali, na kila moja ina umri wake. Katika karatasi na filamu nyingi za wakati ule, sayani huvunjika mapema kuliko wenzake, hata picha ikifungiwa gizani. Buluu na kijani vinaondoka, wekundu unabaki peke yake, na koti lililokuwa la kijivu linakuwa la rangi ya matofali. Joto huharakisha uvunjikaji huo, ndiyo maana picha iliyokaa miaka 40 Tanga au Mombasa huchakaa kuliko nakala yake iliyobaki Ulaya. Kodachrome ya Kodak ni tofauti: ikihifadhiwa gizani hudumu vizuri mno, kwa hiyo ukikuta slaidi zake kwenye mizigo ya aliyesoma Marekani, shukuru. Za ORWO, kutoka kiwanda cha Wolfen huko Ujerumani Mashariki, mara nyingi huhitaji kazi zaidi.

Kwa kompyuta tunazitenganisha njia tatu za rangi, kisha tunaivuta kila moja kwa kipimo chake mpaka zilingane. Tunahitaji kitu ndani ya picha ambacho tuna hakika hakikuwa na rangi: kola ya shati jeupe, ukurasa wa daftari, ukuta uliopakwa chokaa. Wengi hukimbilia theluji, na hapo ndipo huharibikiwa. Theluji iliyo juani ni nyeupe, lakini iliyo kivulini huchukua buluu ya anga. Ukiilazimisha iwe nyeupe, uso wa mzee unageuka rangi ya machungwa.

Uso wenyewe ndio jambo linalonigusa kuliko yote katika kazi hii. Tazama picha hizo kwa makini: theluji imetoka vizuri, jengo limetoka vizuri, rafiki Mzungu aliyesimama kando ameonekana mpaka mikunjo ya paji la uso, lakini baba yako ni kivuli chenye kofia. Sababu zipo, wala hakuna hata moja inayotoka kwake. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimeundwa kudhani kwamba mandhari yoyote, ukichanganya weupe na weusi wake, ni kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye theluji kinaona mwanga umezidi, kinaamuru upunguzwe, na kila kilicho cheusi kinazama. Kamera za bei nafuu za Kisovieti kama Smena-8M hazikuwa hata na kipima mwanga. Mpigaji alifuata michoro midogo ya jua na mawingu, ambayo haikumjua aliyesimama mbele.

Kisha zikaja maabara. Kodak ilizigawia maabara za picha kadi za mfano ili ziweke rangi sawasawa, na kwa miongo kadhaa aliyeonekana kwenye kadi hizo, zilizoitwa kadi za Shirley, alikuwa mwanamke Mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Mtafiti Lorna Roth wa Canada amelieleza jambo hili kwa kina, akaonyesha pia kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma Kodak iboreshe filamu zake kwa rangi za kahawia yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Mtoto anayeona baba yake amefutika kwenye picha ya mahafali anapaswa kulijua hilo.

Habari njema ni kwamba mara nyingi uso haujapotea. Karatasi ya picha ina uwezo mdogo wa kubeba tofauti za mwanga kuliko negativu iliyoizaa. Kilichokuwa giza tupu kwenye karatasi huenda kikawa na macho, shavu na tabasamu kwenye negativu. Kwa hiyo kabla hujalipia chochote, tafuta negativu. Zitafute kwenye bahasha za studio nyuma ya albamu, ndani ya vitabu vya chuo, kwenye makopo ya biskuti, katika sanduku alilorudi nalo. Watu hutupa vipande hivyo vya filamu wakidhani ni takataka, nami kila ninaposikia vimetupwa huumia.

Negativu au slaidi ya milimita 35 iskaniwe kwa doti 3,000 hadi 4,000 kwa inchi. Picha ya karatasi kwa 600, na ikiwa ndogo kama ya pasipoti, 1,200. Muhimu kuliko doti ni kina cha rangi. Mwambie anayeskani ahifadhi kwa biti 16 kwa kila rangi, katika faili la TIFF, kwa sababu faili la kawaida la biti 8 lina hatua 256 tu kati ya weusi na weupe. Ukilazimika kuufungua uso uliokaa kwenye hatua 20 za mwisho, unapata mabaka. Mwambie pia azime kisafisha vumbi cha mashine anaposkani filamu ya nyeusi na nyeupe. Kisafishaji hicho hutumia miali ya infraredi, na kwa kuwa fedha iliyomo kwenye filamu hiyo huizuia miali, mashine huiona picha yenyewe kama uchafu.

Baada ya hapo giza la uso hufunguliwa polepole, sehemu hiyo peke yake, na tunasimama pale chembechembe za filamu zinapoanza kushinda sura. Ngozi ibaki nyeusi. Kumfanya mzee aonekane si kumfanya mweupe.

Ndiyo maana sina subira na programu za akili mnemba zinazoahidi kurejesha uso kwa kubofya mara moja. Programu hizo hazirejeshi chochote. Zimejifunza kutoka nyuso nyingi za watu wengine, na pale ambapo picha haina taarifa zinaweka makisio. Nimeona ngozi ikisafishwa mpaka ikapauka, chale za shavuni zikafutwa kama mikwaruzo, na mwanya wa meno ya juu, ule ambao mama alisema ndio uliomvutia, ukazibwa. Maandishi ya Kirusi kwenye bango la nyuma yakawa herufi zisizo za lugha yoyote. Programu hizo zitumie kuondoa mikwaruzo angani au ukutani ukipenda. Usoni, hapana. Kupaka rangi picha ya nyeusi na nyeupe nako sikushauri: koti lile lilikuwa na rangi yake halisi, na programu haiijui.

Kama picha zimo kwenye albamu za kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki juu, usizibandue kwa nguvu. Pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, ukiuvuta kushoto na kulia kidogo kidogo. Ikikataa, iache, ipige picha ikiwa mahali pake, karibu na dirisha, bila mwanga wa flashi. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu iskaniwe ikiwa nyuma ya kioo hichohicho. Wala usiifute kwa kitambaa chenye maji, kwani gelatini ikilowa huvimba na sura inatoka na kitambaa. Brashi laini iliyo kavu inatosha.

Skani na mgongo wa kila picha. Hapo ndipo penye muhuri wa studio, mwezi uliochapwa na maabara, na maneno ya kalamu ya wino yanayoanza na “Ukumbusho wangu kwa…” Niliwahi kuletewa picha ya vijana watatu ambayo familia iliamini ilipigwa Moscow. Muhuri wa nyuma ulikuwa wa studio ya Kiev, na mzee alipooneshwa akasimulia kiangazi kizima cha kazi za shambani ambacho watoto wake hawakuwahi kukisikia.

Picha za asili zirudishwe kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kabati lisilogusa ukuta wa nje. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hivi, ukungu huanza kuota, na Pwani hilo si jambo la nadra. Mfuko wa nailoni uliofungwa na sanduku la bati chini ya paa ni mahali pabaya kuliko vyote. Mafaili nayo yawe na nakala tatu, moja ikikaa nyumba nyingine au mji mwingine, na skani ya kwanza isiguswe. Marekebisho yote yafanyike kwenye nakala.

Kama mzee yu hai, usisubiri kazi ikamilike. Mpelekee skani hizo hata zikiwa nyekundu, uzikuze kwenye skrini, uwashe kinasa sauti cha simu. Muulize nani alishika kamera, koti lilitoka wapi, na huyu wa kushoto aliishia wapi. Kama ametangulia, wapelekee waliosafiri naye, maana wengi wao sasa wamevuka miaka 80. Majina utakayopewa yaandike ndani ya faili na kwenye bahasha kwa penseli laini, na ambaye hakuna aliyemtambua mwandikie “hajatambuliwa” pamoja na tarehe uliyouliza, ili atakayeifungua bahasha baada yako aendelee kuuliza.