Chupa ina thamani kabla haijafika baharini

Jamaa huniuliza mbona bado nasumbuka na plastiki ilhali mifuko ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017. Marufuku ile, ndugu zangu, ilihusu mifuko. Chupa za maji na soda, madumu ya mafuta ya kupikia, ndala zilizokatika, vyote vingali majumbani mwetu, na mvua ya masika ikishuka hufuata mitaro mpaka baharini.

Huko haziozi. Jua na mawimbi huzivunja vipande vidogo vidogo ambavyo samaki humeza. Kasa naye akiona mfuko unaelea hudhani ni yavuyavu, chakula chake. Na tusihadaike na ufuo msafi: chupa ya maji ikishajaa huzama, tusiione tena. Kinachoelea ni vifuniko na madumu, ambavyo hukwama kwenye mizizi ya mikoko, pale pale samaki wachanga wanapokulia. Mvuvi anajua hasara hiyo kuliko mimi.

Plastiki ikichakatwa upya, husagwa, huoshwa na kuyeyushwa, ikawa beseni, nguzo ya ua, hata uzi wa nguo. Mafuta na gesi vinavyotumika kutengeneza plastiki mpya hupungua, na moshi wa sumu wa kuchoma taka nyuma ya nyumba (tabia mbaya sana hii mitaani mwetu) hatuuvuti. Lamu walikwenda mbali zaidi. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi Flipflopi kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotupwa, likashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja.

Lakini plastiki iliyokaa baharini huwa imechakaa, ina chumvi na mchanga, kazi yake ngumu. Ndiyo maana nasema tuikamate ingali jikoni. Kwangu kuna gunia chini ya ngazi. Chupa humwagwa maji, ikasuuzwa, kifuniko kikawekwa kando kwa kuwa ni plastiki ya aina nyingine. Pakiti za krispi siweki; zina tabaka zilizogandana, wanunuzi hawazitaki. Gunia likijaa namwita kijana wa mkokoteni. Bei ni ndogo, siwafichi, na hao vijana wengine huwafukuza vichochoroni kama wezi, ilhali wao ndio wanaozuia chupa zetu zisifike majini.