MSITU KANDO YA MJI: MPAKA WAKE HULINDWA NA NINI?

Mji ukuapo, bei ya viwanja hupanda, na ardhi yenye miti iliyo karibu nao huonekana kana kwamba imekaa bure. Lakini haikukaa bure. Miti huzuia udongo usichukuliwe na mvua, hutunza maji ya mito, na huwapa watu mahali pa kupumzikia. Taabu ni hii: faida ya kiwanja humfikia mtu mmoja upesi, bali faida ya msitu huwafikia watu wote polepole.

Yaliyoupata Msitu wa Karura, upande wa kaskazini wa Nairobi, yafaa kufikiriwa. Msitu huo, wenye hekta zipatazo 1,000, ulitangazwa kuwa hifadhi ya Serikali mwaka 1932. Siku zile ulikuwa nje ya mji. Leo mji umeuzunguka, na hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha wakazi zaidi ya milioni 4.

Sheria ya zamani ilimruhusu Waziri kubadili mpaka wa msitu kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, baada ya taarifa ya siku 28. Katika miaka ya 1990 sehemu za Karura ziligawiwa watu waliotaka kujenga. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti huko, wakapigwa, naye akaumizwa kichwani. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rais Moi alikataza ugawaji wa ardhi ya umma.

Lakini amri iliyotolewa kwa neno huweza kuondolewa kwa neno. Kwa hiyo sheria ya misitu ya 2005 iliweka mambo mawili: mpaka usipunguzwe bila idhini ya Bunge, na wenyeji waliojiunga katika chama wapate kushirikiana na Serikali kuutunza msitu. Sheria ya 2016 iliyadumisha hayo. Chama cha Karura kiliundwa 2009, ua wa umeme ukajengwa, na mwaka 2011 msitu uliokuwa ukiogopwa kwa wanyang'anyi ukafunguliwa kwa watu wote.

Basi kila aishiye karibu na msitu na aulize: Mpaka wake umeandikwa wapi? Ni nani awezaye kuubadili? Je, wenyeji wana chama cha kuutunza? Asiyejua majibu hayo huenda akasikia habari za msitu wake siku miti ikatwapo.