Bei mbili katika kila mia

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, wilaya kwa wilaya. Mafuta yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam husafirishwa takriban kilomita 500 hadi Iringa na 830 hadi Mbeya, na gharama ya lori njiani huingia kwenye bei. Ndiyo maana kwa kawaida lita ya Mbeya ni ghali kuliko ya Iringa, na ya Iringa ni ghali kuliko ya Dar.

Bei hizo huandikwa hadi shilingi moja moja, lakini shilingi moja haimo mfukoni mwa mtu. Sarafu ndogo kabisa inayotumika sokoni ni ya 50, yenye sura ya Rais wa zamani Ali Hassan Mwinyi upande mmoja na kifaru na mtoto wake upande wa pili. Anayelipa taslimu analipa kamili pale tu jumla inapoishia na 00 au 50.

Ziko ngapi?

Katika kila namba 100 zinazofuatana, zinazoishia hivyo ni mbili tu. Kuanzia 3,001 hadi 4,000 ziko 20. Mipaka ikiwa si ya mviringo, gawa namba ya juu kwa 50, kisha gawa kwa 50 namba iliyo moja chini ya ile ya kuanzia. Tupa mabaki, halafu toa. Tuseme bei za mwezi ziko kati ya 2,960 na 3,275. 3,275 kwa 50 ni 65. 2,959 kwa 50 ni 59. Tofauti ni 6: yaani 3,000, 3,050, 3,100, 3,150, 3,200 na 3,250. Sita kati ya 316.

Lita ngapi ndipo hesabu ikae sawa?

Hapo tarakimu ya mwisho ndiyo inayoamua. Chukua bei ya mfano, 3,137. Lita moja haikai sawa, mbili hazikai, kumi zinatoa 31,370. Hesabu inakaa kwenye lita ya 50 tu: 156,850. Ndivyo ilivyo kwa kila bei inayoishia na 1, 3, 7 au 9. Inayoishia na 2, 4, 6 au 8 inataka lita 25: 3,136 mara 25 ni 78,400. Inayoishia na 5 inataka lita 10, au mbili tu ikiwa mwisho ni 25 au 75. Inayoishia na 0 inataka tano, isipokuwa 00 na 50 zenyewe, ambazo zinakaa sawa tangu lita ya kwanza.

Kwa maneno mengine, bei nane kati ya kumi zinamtaka mteja anunue lita 25 au zaidi ndipo alipe kamili. Tangi la bodaboda halifiki huko.

Nani anabaki na chenji?

Mhudumu wa pampu akipandisha kila jumla hadi 50 inayofuata, kwa wastani mteja anapoteza shilingi 24.5. Akikadiria kwa 50 iliyo karibu, juu au chini, wastani unashuka hadi nusu shilingi. Tofauti yote iko kwenye mazoea ya kupandisha.

Tuseme dereva wa bodaboda wa Mwanjelwa, Mbeya, anaweka mafuta kwa kutaja lita mara moja kwa siku: kwa mwezi ni shilingi 735, chini ya robo lita. Hata haoni. Sheli yenye wateja 300 wa namna hiyo kwa siku inakusanya 7,350, na kwa siku 30 ni 220,500, sawa na lita 70 hivi za bei yetu ya mfano. Zaidi ya hapo, bei kikomo ni dari: kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, hakiruhusiwi kuuza juu, na kupandisha jumla kunaweza kuivuka.

Waendesha bodaboda wameshalitatua hili bila kikokotoo. Hawataji lita, wanataja pesa: "Weka ya elfu tano." Noti inakuwa kamili na mabaki yanahamia kwenye lita. Nayo pampu ina kikomo chake: nyingi huonyesha lita kwa desimali mbili, na sehemu moja ya mia ya lita kwa bei ya 3,137 ni shilingi 31.

Kwenye nauli mambo ni mepesi zaidi. Kiwango cha LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, cha Desemba 2023 kwa basi la kawaida la mikoani kilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita. Iringa hadi Mbeya, kwa kilomita 330 hivi, inakuja 15,995. Ukikata tiketi ya 16,000 umeacha shilingi tano, basi. Safari ndefu humeza mabaki. Manunuzi madogo ya kila siku ndiyo huyazalisha.

Kwa hiyo ukiwa sheli taja pesa, usitaje lita. Ukitaka lita kamili, lipa kwa simu, maana huko shilingi 3,137 inalipika ilivyo. Na ukilipa taslimu, dai risiti uone jumla iliyoandikwa. Chenji isiyopatikana isigeuke pipi wala kiberiti kabla hujaulizwa.