Kutoka Nduruma Kwenda Kuwatazama Nyangumi

Maji ya mto Nduruma, yatokayo Mlima Meru, huingia Kikuletwa, hupitia bwawa la Nyumba ya Mungu na hatimaye hufika baharini Pangani. Msafiri mwenye gari likokotalo trela lenye vitanda aweza naye kuteremka hadi huko, kupitia Moshi, Same na Korogwe.

Je, mtu wa bara atafute nini huko kati ya Julai na Oktoba? Majira hayo nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu, wakitoka bahari baridi za Antaktika kuja kuzaa. Nyangumi si samaki: huvuta hewa kwa mapafu na kunyonyesha. Jike mzima hufikia urefu wa meta 15. Chakula chake, vidudu mfano wa uduvi, kimebaki kusini. Huku hali karibu kitu. Maziwa ya mtoto hutokana na mafuta aliyojiwekea mwilini.

Hapo ndipo penye hatari. Mashua ikimfukuza, jike hutumia akiba ile ile imlishayo mtoto. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilisimamisha uwindaji wa biashara kuanzia 1986. Lakini hata mtazamaji asiye na mkuki aweza kudhuru.

Basi nahodha na azime injini angali mbali. Wanafunzi washike saa na daftari: mvuke uonekanapo juu ya maji, waandike wakati, kisha wapime muda hadi pumzi ifuatayo. Hivyo watajifunza upumuaji pasipo kumpunguzia mtoto maziwa yake.