"Nickel": metali au senti tano?

Muhula uliopita nilitafsiri hadithi fupi ya Kimarekani kwa ajili ya somo. Mtoto anaangusha "nickel" yake mtaroni, anaanza kulia. Niliandika: "Mtoto aliangusha nikeli yake." Jioni, nyumbani Bel-Air, nilimsomea nkambo. Akanikatiza: "Sasa ule mutoto alikuwa anabeba chuma ya nini?" Nikaona kwamba neno moja limeniharibia hadithi.

Kwa Mmarekani, nickel ni sarafu ya senti tano iliyoanza kutolewa mwaka 1866. Imepewa jina la metali iliyomo, ingawa metali hiyo ni 25% tu. 75% ni shaba. Lakini robo hiyo yatosha kufuta wekundu wa shaba na kuifanya sarafu ing'ae kama fedha. Jina limefuata sura, halikufuata uzito.

Metali yenyewe ilipata jina kwa lawama. Wachimbaji wa Ujerumani walikuta mawe mekundu yaliyofanana na ya shaba, wakayayeyusha, shaba isitoke. Wakasema ni Nickel, pepo mtundu, aliyewachezea. Mawe hayo wakayaita Kupfernickel, yaani "shaba ya Nickel". Mwaka 1751 Msweden Axel Cronstedt alipata ndani yake metali mpya, akaiachia nusu ya pili ya jina hilo. Kobalti, tunayoijua vema hapa Lubumbashi, ina asili ya namna hiyohiyo: Kobold naye ni pepo wa migodini.

Nkambo alileta kopo lake la zamani. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya makuta 5 ya mwaka 1967, yenye sura ya Mobutu. Hiyo nayo ni shaba iliyochanganywa na nikeli, wala sumaku haikuishika. Hata hivyo, hapa kwetu hakuna aliyeiita nikeli. Iliitwa kwa hesabu: likuta moja, makuta tano. Zaire ilipita, franga ikarudi mwaka 1998, na leo tunatumia noti peke yake. Lakini "makuta" bado yatajwa kwa maana ya pesa yoyote.

Tusidhani basi kwamba Kiingereza pekee ndicho kinachoita pesa kwa jina la metali. Sisi husema "feza", na noti zetu ni karatasi. Tofauti ni kwamba Kiingereza kiliipa nikeli sarafu moja tu, nasi tuliipa fedha pesa zote.

Kwa hiyo mfasiri aulize kwanza neno linafanya kazi gani katika sentensi. Likieleza mng'ao au uzito wa kitu, "nikeli" inafaa. Likieleza thamani, tuandike thamani. Katika hadithi yangu mtoto alilia kwa sababu ya kile ambacho angekinunua.

Nilisahihisha: "Mtoto aliangusha senti zake tano." Nikamsomea nkambo tena.

"Tano tu?" akasema. "Na alilia vile?"

Safari hii alibishana na mtoto, si na mimi.