Mnyororo wa Baiskeli Wataka Mafuta Gani?

Ndugu mkulima, baiskeli yako si pambo. Asubuhi hupeleka maziwa, adhuhuri huleta mbolea, na pengine usiku humbeba mgonjwa mpaka zahanati. Mnyororo ukikatika njiani, maziwa huchacha na shilingi zako hupotea. Basi yafaa ujue ni kitu gani kinachoula mnyororo.

Watu wengi husema mnyororo "umevutika". Sivyo. Haukuvutika kama mpira. Pini zilizo ndani ya viungo husagika kidogo kidogo pamoja na matundu yake, na kila kiungo hulegea. Viungo ni zaidi ya 100, na ulegevu wa vyote hujumlishwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya mafuta haiko nje, iko ndani kwenye pini.

Grisi ni nzito. Haiingii ndani, bali hukaa nje ikikusanya vumbi. Mafuta ya injini yaliyokwisha tumika yana masizi na unga wa chuma. Kuyatia ni kama kutia msasa. Mafuta ya kupikia hugeuka kama gundi. Mafuta ya taa ni mazuri kwa kuoshea tu. Ukiyatumia peke yake, pini zitasagana.

Wakati wa kiangazi tumia mafuta mepesi ya cherehani. Wakati wa mvua hayo huoshwa upesi, basi tumia mafuta mapya ya injini, yaliyo mazito zaidi.

Fanya hivi:

1. Osha mnyororo kwa mafuta ya taa na brashi, mbali na moto. Uache ukauke.

2. Tia tone moja juu ya kila kiungo.

3. Zungusha pedeli, ngoja robo saa, kisha pangusa nje kwa kitambaa. Mafuta yanayobaki nje huita vumbi.

Mwisho, pima kwa futi ya seremala. Anza katikati ya pini moja, uhesabu pini 24 mbele yake. Mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua mwingine. Ukingoja mpaka 1/8, huenda meno ya mbele na ya nyuma nayo yameliwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Hapo utanunua vitu vitatu badala ya kimoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.