Gobore jipya halijaribiwi porini: Jinsi wawindaji Marekani wanavyolipima kabla ya msimu

Ukisikia neno gobore, pengine unafikiria bunduki ya babu iliyotundikwa ukutani, au zile silaha za kienyeji ambazo polisi huwaonesha waandishi wa habari baada ya msako. Marekani mambo ni tofauti. Huko gobore ni bidhaa ya dukani. Linauzwa likiwa jipya, lina mtutu wa chuma kisichoshika kutu, mara nyingine limefungwa darubini juu, na lina msimu wake maalumu wa uwindaji.

Lakini mtu hawezi kulinunua leo na kesho akaingia nalo porini. Bunduki ya kawaida hutumia risasi iliyokwisha kufungwa kiwandani. Kwenye gobore, mwindaji ndiye kiwanda. Yeye ndiye anayepima baruti, anayechagua risasi na anayeishindilia, tena kila anapotaka kupiga. Akikosea kidogo, mnyama anakimbia na jeraha. Akikosea sana, mtutu unaweza kumpasukia mikononi.

Ndiyo maana siku ya kulijaribu gobore jipya si siku ya mchezo.

Gobore ni nini hasa?

Ni bunduki inayojazwa kwa mdomoni. Baruti inamiminwa kupitia mdomo wa mtutu, risasi inafuata, kisha vyote vinashindiliwa hadi chini kwa fimbo ndefu iitwayo mdeki. Nyuma ya mtutu kuna tundu dogo ambalo moto hupita kwenda kuwasha baruti.

Moto huo una njia zake. Bunduki ya gumegume hutumia jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Iliyokuja baada yake hutumia fataki, yaani kifuniko kidogo chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Magobore mengi ya kisasa yanatumia fataki namba 209, ileile inayowekwa kwenye risasi za shotigani.

Baruti ya asili ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Inatoa moshi mzito na inaacha masizi mengi. Baruti isiyo na moshi ilikuja mwaka 1884, ilipobuniwa na Mfaransa Paul Vieille, na ndiyo inayotumika kwenye risasi za kisasa. Ina nguvu kubwa zaidi. Kumbuka hapo, maana ndipo penye hatari ya kwanza.

Kwa nini mtu anunue gobore leo?

Sababu kubwa ni msimu. Majimbo mengi ya Marekani yametenga siku za kuwinda kwa gobore pekee, mbali na siku za bunduki za kawaida. Porini kunakuwa na watu wachache na wanyama hawajashtuka sana.

Jimbo la Colorado, kwa mfano, lina msimu wa siku 9 mwezi Septemba. Vibali vyake hutolewa kwa bahati nasibu, kwa hiyo mtu anaweza kuomba akakosa na kusubiri mwaka mwingine. Pennsylvania ina msimu wa baada ya Krismasi ambao unaruhusu bunduki za gumegume tu. Ulianza mwaka 1974.

Sababu ya pili ni ubunifu. Mwaka 1985 fundi bunduki wa Missouri, Tony Knight, aliingiza sokoni gobore aina ya MK-85. Aliweka fataki nyuma ya mtutu, kwenye mstari mmoja na baruti, badala ya pembeni. Moto ukawa unafika haraka na kwa uhakika zaidi. Wawindaji wengi ambao hawakuwa na hamu na silaha za kizamani wakaanza kuvutiwa.

Ya tatu ni sheria. Sheria ya Marekani ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 inayaweka magobore mengi kwenye kundi la silaha za kale, hata kama yametengenezwa juzi. Kwa sheria ya shirikisho, mnunuzi hapitii uchunguzi ule anaopitia mnunuzi wa bunduki ya kawaida. Majimbo mengine yana masharti makali zaidi, kwa hiyo si kila mahali ni rahisi.

Kabla ya mlio wa kwanza

Kazi inaanza nyumbani, na inaanza kwa kusoma kijitabu cha mtengenezaji. Humo kuna kiwango cha juu cha baruti na aina inayoruhusiwa. Baruti isiyo na moshi hairuhusiwi kabisa, isipokuwa mtengenezaji awe ameandika wazi kwamba gobore lake limeundwa kwa ajili hiyo. Kuna watu waliopoteza vidole na macho kwa kudhani baruti ni baruti tu.

Hatua inayofuata ni kufuta mafuta. Silaha mpya hutoka kiwandani ikiwa imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yakibaki kwenye tundu la moto, yanalowesha baruti na gobore linagoma kulia.

Baada ya hapo mdeki unatiwa alama mbili. Mwindaji anaingiza mdeki kwenye mtutu mtupu na kuchora mstari unapoishia mdomo wa mtutu. Akishajaza baruti na risasi kwa mara ya kwanza, anachora mstari wa pili. Kuanzia siku hiyo, kwa kutumbukiza mdeki tu, anajua kama gobore ni tupu, limejazwa sawasawa, au limejazwa mara mbili.

Kujaza mara mbili si hadithi ya kutishia watoto. Baada ya mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, zaidi ya bunduki 27,000 ziliokotwa uwanjani. Nyingi zilikutwa bado zimejazwa, na maelfu zilikuwa na risasi zaidi ya moja ndani. Askari kwenye kelele na hofu hakujua kama bunduki yake imelia. Mtu aliyetulia uwanja wa mazoezi naye anaweza kusahau, hasa akipiga soga huku anajaza.

Uwanjani: baruti kiasi gani, risasi ipi?

Baruti ya gobore hupimwa kwa ujazo, si kwa mizani. Kipimo kinaitwa greni. Greni 100 za baruti nyeusi ni karibu gramu 6.5, na hicho ni kiwango kinachotumika sana kwa mtutu wa kipenyo cha .50, ambao ni milimita 12.7.

Hapa wageni wengi wanateleza. Baruti mbadala kama Pyrodex ni nyepesi kuliko baruti nyeusi. Mtu akiipima kwa mizani mpaka ifike greni 100, atakuwa amemimina nyingi kupita kiasi. Kwa hiyo kinatumika kikombe maalumu cha kupimia. Tena baruti haimiminwi kwenye mtutu moja kwa moja kutoka kwenye chupa yake. Cheche moja iliyobaki ndani ikikutana nayo, chupa nzima inalipuka mkononi.

Risasi nayo inategemea mtutu. Ndani ya mtutu kuna mifuo inayoizungusha risasi ili iende sawa. Mtutu ambao mifuo yake hukamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 66, sawa na sentimita 168, unafaa risasi ya mviringo. Unaokamilisha kwa inchi 28, kama sentimita 71, unafaa risasi ndefu, ikiwemo ile inayovalishwa kikombe cha plastiki. Ukiweka risasi isiyoendana na mtutu, itatawanyika hata kama mkono wako ni wa chuma.

Jaribio lenyewe huanza karibu, kama mita 25, silaha ikiwa imeegemezwa kwenye meza na mifuko ya mchanga. Mwindaji anapiga risasi tatu bila kubadilisha chochote, kisha anaangalia matundu. Anachotafuta kwanza si katikati ya shabaha. Anataka matundu matatu yakae pamoja. Yakikaa pamoja, kurekebisha darubini ni kazi ndogo. Yakitawanyika, anapunguza au kuongeza baruti kidogo, au anabadilisha risasi, kisha anarudia. Akiridhika, anasogea hadi karibu mita 100.

Kitu kimoja hakibadiliki kamwe. Risasi lazima ikae juu ya baruti bila nafasi katikati. Pakiwa na pengo, shinikizo linaweza kuuvimbisha au kuupasua mtutu.

Baada ya kila mlio, mtutu unapitishwa kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kikavu. Masizi yakijaa, risasi ya tatu inakuwa ngumu kushuka na haifiki ilikofika ya kwanza. Porini mwindaji hupiga risasi moja, kwa hiyo anayotaka kuijua hasa ni ile ya kwanza kutoka kwenye mtutu msafi. Mara nyingine hiyo huenda pembeni kidogo ya wenzake, na ni lazima ajue ni pembeni kiasi gani.

Fataki imelia, baruti haijalia

Hii humtokea kila anayetumia gobore. Anavuta kifyatulio, anasikia "ta!", halafu kimya. Mwenye haraka hugeuza silaha aangalie kulikoni. Hilo ni kosa baya kuliko yote. Baruti inaweza kuwa inafukuta ndani na ikawaka sekunde kadhaa baadaye.

Kanuni ni kubaki ameelekeza mdomo wa gobore kwenye shabaha kwa angalau dakika nzima, bila kusogea wala kuchungulia. Kisha anaweka fataki nyingine na kujaribu tena. Ikigoma tena, risasi inatolewa kwa vifaa vyake, na hakuna mtu anayesimama mbele ya mtutu.

Mwisho wa siku, anajua mpaka wake

Kwa kulungu, sehemu ya moyo na mapafu ina upana wa kama sentimita 20. Mwindaji makini hujiuliza: ni umbali gani naweza kuweka kila risasi ndani ya duara hilo, si mara moja kwa bahati, bali kila mara? Jibu ndilo mpaka wake. Kwa gumegume na risasi ya mviringo, wengi huishia mita 70 au 80. Kwa gobore la kisasa lenye darubini, wengine hufika mita 150.

Zaidi ya hapo, risasi nzito ya gobore inashuka haraka. Inayolengwa kifuani inaweza kumpata mnyama mguuni au tumboni. Na hakuna risasi ya pili ya haraka. Kujaza upya huchukua nusu dakika hata kwa mzoefu, na moshi umetanda mbele ya macho. Mnyama atakwenda kufia mbali, au ataishi na maumivu. Kwa hiyo karatasi yenye matundu kutoka uwanja wa mazoezi ndiyo inayomwambia mtu lini apige na lini aache mnyama apite.

Jioni hiyo hiyo gobore linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, linakaushwa, linapakwa mafuta. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na mtutu wa chuma cha kawaida unaweza kuanza kutu ndani ya usiku mmoja.

Na magobore ya Afrika Mashariki?

Gobore lina historia ndefu upande huu. Karne ya 19 lilipita kwenye njia za misafara kutoka pwani hadi bara, na jeshi la Mirambo huko Unyamwezi lilipigana nalo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa kwenye sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo. Ndiyo sababu mojawapo ya gobore kukaa mikononi mwa watu muda mrefu, wakati Ulaya ilikuwa imeshaliweka kabatini.

Lakini isichanganywe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania uwindaji unahitaji kibali na silaha inahitaji leseni, na gobore halina msamaha wa "silaha ya kale" kama Marekani. Polisi wamekuwa wakiyakamata mara kwa mara na kuwataka wananchi wayasalimishe.

Kuna tofauti nyingine iliyo kubwa kuliko sheria. Mtutu wa dukani umetengenezwa kwa chuma kinachojulikana uwezo wake, na kiwango cha baruti kimeandikwa. Gobore la kienyeji mara nyingi ni bomba lililotengenezwa kwa kazi nyingine, na baruti inakadiriwa kwa kiganja. Hakuna kijitabu, hakuna mpaka unaojulikana. Kila mlio ni jaribio jipya, na anayelijaribu ameliweka shavuni.